Uhakiki wa Ukadiriaji wa Msukosuko katika Modeli za Bahari na Angahewa: Kutoka kwa Richardson (1922) hadi Magharibi mwa Bahari ya Hindi

1.0 Utangulizi

Uhakiki huu unachunguza namna matini za kisayansi zinazounda modeli za bahari na angahewa zinavyoshughulikia jambo ambalo modeli hizo haziwezi kulikokotoa moja kwa moja, yaani msukosuko. Kwa msukosuko kunakusudiwa mwendo usiotabirika wa maji au hewa unaojigawa katika vizingia vikubwa na vidogo, yaani mizunguko inayozaliwa, kumeguka na kufa ndani ya mkondo mkuu. Modeli nyingi za bahari zilizotumika katika tathmini za kimataifa za tabianchi huigawa bahari katika visanduku vyenye upana unaokaribia kilomita 100. Vizingia vinavyochanganya maji ya joto ya juu na maji baridi ya chini huanzia makumi ya mita na kuishia milimita chache, ambapo nishati yao humezwa na mnato wa maji. Baina ya kilomita 100 na milimita chache kuna pengo ambalo hesabu ya modeli hailivuki. Pengo hilo huzibwa kwa kanuni ya ukadiriaji: mtaalamu huchagua fomula inayosema ni kiasi gani cha joto, chumvi na mwendo kinachopaswa kuhamishwa na vizingia visivyoonekana kwenye gridi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba thamani ya modeli ya aina hii haipimwi kwa ufanano wa matokeo yake na vipimo pekee. Hupimwa pia kwa uwazi wake katika kueleza mahali ambapo hesabu imekoma na hukumu ya mtaalamu imeanza. Ili kuithibitisha hoja hiyo, matini mbili zinasomwa kwa ukaribu: kitabu cha Lewis Fry Richardson, Weather Prediction by Numerical Process (1922), na makala ya Large, McWilliams na Doney (1994) kuhusu uchanganyikaji wa wima katika bahari. Kisha kanuni zilizotokana na mapokeo hayo zinapimwa katika eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambako pepo za kusi na kaskazi hugeuza mikondo kila mwaka, na ambako makosa ya modeli huwagusa wakulima na wavuvi wa Afrika Mashariki.

2.0 Chimbuko la Tatizo

Tatizo la msukosuko lilipewa sura yake ya kihisabati na Osborne Reynolds. Mwaka 1883 alionyesha, kwa uzi wa rangi uliopitishwa ndani ya bomba la kioo lenye maji, kwamba mwendo mtulivu hugeuka kuwa wa msukosuko pale uwiano fulani wa kasi, upana na mnato unapopitwa. Mwaka 1895 alipendekeza kila mwendo utazamwe kama jumla ya sehemu mbili: wastani na mkengeuko kutoka kwenye wastani huo. Wazo hilo lilirahisisha milinganyo, lakini lilidai malipo. Milinganyo ya wastani hubakiwa na vipengele vinavyotokana na mikengeuko, na kila mlinganyo mpya unaoandikwa ili kuvipata vipengele hivyo huzaa vingine visivyojulikana. Mnyororo huo haukatiki wenyewe. Mtu ndiye anayepaswa kuukata, na kila kanuni ya ukadiriaji ni namna moja ya kuukata.

Njia kongwe ya kuukata ilikwisha kutolewa na Joseph Boussinesq mwaka 1877. Aliuchukulia msukosuko kana kwamba ni mnato mkubwa zaidi wa maji yenyewe. Vagn Walfrid Ekman aliitumia fikra hiyo mwaka 1905 kueleza jambo ambalo Fridtjof Nansen aliliona katika safari ya meli ya Fram (1893–1896): barafu ya Aktiki haikufuata upepo moja kwa moja, bali ilielekea kuliani kwake. Ekman alionyesha kwamba mzunguko wa dunia, ukiungana na msuguano wa vizingia, hupindisha mkondo kadiri kina kinavyoongezeka. Maelezo yake yanaheshimika hadi leo, lakini yalisimama juu ya dhana kwamba mnato wa vizingia haubadiliki kutoka juu hadi chini. Dhana hiyo iliurahisisha mlinganyo ukakokotoleka. Haikuwa imepimwa baharini.

Hapa ndipo inapoonekana sifa ya kwanza ya matini za uwanja huu. Kila moja ina tamko linalotokana na sheria za fizikia na tamko linalotokana na uamuzi wa mwandishi, na matamko hayo mawili huandikwa kwa lugha ileile ya alama. Msomaji asiye mwangalifu huyapa uzito sawa.

3.0 Richardson: Kosa Lililoachwa Wazi

Kitabu cha Richardson kinajulikana zaidi kwa kushindwa kwake. Richardson alijaribu kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya hali ya hewa ya Ulaya ya kati kwa tarehe 20 Mei 1910. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo aliifanya nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa dereva wa gari la wagonjwa. Jibu lilikuwa kwamba kani-eneo ya hewa ingepanda kwa hektopaskali 145 katika saa 6. Uhalisi ni kwamba siku ile haikubadilika kwa kiasi cha kutajika.

Jambo linalostahili kuzingatiwa na mhakiki ni mpangilio wa kitabu chenyewe. Richardson hakulificha jibu lile. Alilichapisha pamoja na majedwali yote yaliyolizaa, akalitafutia chanzo katika vipimo vya awali vya upepo, na akaitengea sura nzima haja ya kuvilainisha vipimo hivyo kabla ya kuvitumia. Kwa sababu kila hatua iliandikwa, Peter Lynch aliweza, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, kuirudia hesabu ileile, kuchuja mawimbi ya kasi yaliyoivuruga, na kupata badiliko dogo linalokaribiana na uhalisi. Kosa lililoandikwa kwa ukamilifu lilirekebishika baada ya zaidi ya miaka 80. Lingefichwa, lisingekuwa na faida kwa yeyote.

Uwazi huo unajitokeza pia katika sehemu za kitabu zinazohusu msukosuko. Richardson alijumuisha uhamishaji wa joto na unyevu kwa vizingia, mchango wa udongo, hata ule wa majani ya mimea. Palipokuwa na vipimo alivitaja. Palipokosekana alikisia na kuonyesha kwamba anakisia. Kwa upande wa maudhui, kitabu hiki kina ndoto kubwa: ukumbi wa wakokotoaji 64,000 wanaoongozwa na mtu mmoja kama kiongozi wa kwaya. Kwa upande wa fani, ni kitabu cha unyenyekevu. Ndoto na upungufu wake vimewekwa chini ya jalada moja.

4.0 Nambari Inayosafiri

Mchango wa Richardson uliodumu zaidi katika modeli za msukosuko ni nambari inayoitwa kwa jina lake, iliyotokana na kazi yake ya mwaka 1920. Nambari hiyo hulinganisha mambo mawili. La kwanza ni ukaidi wa matabaka: maji mepesi yakiwa juu ya maji mazito, hayachanganyiki kirahisi. La pili ni tofauti ya kasi baina ya tabaka la juu na la chini, ambayo ndiyo inayolisha vizingia. Nambari ikiwa kubwa, matabaka hutulia. Ikiwa ndogo, msukosuko hupata nguvu ya kuyavuruga.

Swali ni hili: mpaka uko wapi? Richardson, kwa hoja ya nishati, aliuweka kwenye 1. Mwaka 1961, John Miles na Louis Howard walithibitisha kwa hisabati kwamba mkondo uliotulia hauwezi kuyumba kwa vurugu ndogondogo iwapo nambari hiyo haishuki chini ya 0.25 mahali popote. Katika makala ya Large na wenzake (1994), kina cha tabaka linalochanganyika huishia pale ambapo nambari ya jumla ya Richardson inapofika 0.3; na chini ya tabaka hilo, uchanganyikaji unaotokana na tofauti ya kasi huanza nambari inaposhuka chini ya 0.7.

Tofauti hizi si ushahidi wa uzembe. Kila thamani inajibu swali lake. Ile ya Richardson inahusu nishati ya msukosuko uliokwisha kuwapo; ile ya Miles na Howard inahusu kuzaliwa kwa mtikisiko katika mkondo bora wa kinadharia; zile za mwaka 1994 zinahusu visanduku vya gridi, ambamo wastani wa kasi huficha tofauti kali zilizomo ndani. Hata hivyo, katika matumizi ya baadaye, thamani hizi huonekana ndani ya majedwali ya mipangilio zikiwa zimevuliwa maswali yaliyozizaa. Nambari husafiri, tahadhari iliyoambatana nayo hubaki ilikozaliwa. Huo ndio upungufu mkuu wa mapokeo haya, na unawahusu zaidi watumiaji wa kanuni kuliko waliozibuni.

5.0 Matini ya Mwaka 1994 na Mipaka Yake

Makala ya Large, McWilliams na Doney ni miongoni mwa matini zilizoathiri zaidi uundaji wa modeli za bahari. Ubora wake ni kwamba iliondoa dhana ya Ekman ya mnato usiobadilika. Badala yake ilipendekeza umbo la uchanganyikaji linalokua kutoka kwenye uso wa maji, kufikia kilele, kisha kupungua kuelekea chini ya tabaka. Vilevile iliruhusu maji yaliyopozwa juu kuzama na kubeba joto hata pale ambapo tofauti ya joto baina ya tabaka na tabaka haionekani. Waandishi walieleza mawazo yao kwa kirefu na kuyapima dhidi ya vipimo halisi.

Mipaka yake inaonekana katika mambo matatu. Jambo la kwanza ni asili ya kanuni zake za karibu na uso wa maji. Zinatokana na nadharia ya Monin na Obukhov (1954), ambayo mahusiano yake yalipimwa kwa kina juu ya nchi kavu, hususan katika utafiti wa mwaka 1968 kwenye uwanda wa Kansas, Marekani. Bahari ilichukuliwa kuwa angahewa iliyopinduliwa. Lakini uwanda wa Kansas hauna mawimbi. Irving Langmuir alikwisha kueleza, mwaka 1938, mizunguko sambamba inayopanga magugu ya bahari katika mistari inayofuata upepo, na Craik na Leibovich (1976) wakaonyesha kwamba mizunguko hiyo hutokana na upepo kushirikiana na mawimbi. Kanuni ya mwaka 1994 haikuwa na nafasi ya mawimbi. Nafasi hiyo iliongezwa na watafiti waliofuata.

Jambo la pili ni mahali pa upimaji. Vituo vilivyopewa uzito katika makala ni pamoja na kituo cha Papa, kwenye latitudo 50 Kaskazini katika Pasifiki, na eneo la Bahari ya Sargasso katika Atlantiki. Ni haki kuongeza kwamba Large na Gent (1999) waliipima kanuni hiyo katika bahari ya ikweta, na kwamba Pacanowski na Philander walikwisha kupendekeza kanuni mahususi kwa bahari za tropiki mwaka 1981. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fikra kuhusu bahari ya ikweta imejengwa juu ya Pasifiki na Atlantiki, ambako upepo wa mashariki huvuma kwa muda mwingi wa mwaka. Bahari ya Hindi haina upepo wa kudumu wa namna hiyo.

Jambo la tatu linaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Pale ambapo uso wa bahari unapashwa joto, makala inaweka kikomo cha kina cha uchanganyikaji kinacholingana na kasi ya msuguano wa upepo ikigawanywa kwa kigezo cha Coriolis, kisha kuzidishwa kwa 0.7. Kasi ya msuguano ya mita 0.01 kwa sekunde ndani ya maji inakaribiana na upepo wa mita 8 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kikomo katika latitudo ya Papa ni takriban mita 60. Katika latitudo ya Mombasa, nyuzi 4 Kusini, kikomo hichohicho ni takriban mita 690. Kwenye ikweta yenyewe hakipo kabisa, kwa kuwa kigezo cha Coriolis ni sifuri. Kwa hiyo ulinzi unaofanya kazi Papa haulindi chochote Mombasa, na kazi yote inaachiwa masharti mengine ya kanuni. Baadhi ya programu za modeli hukiweka kikomo hiki kama chaguo linaloweza kuwashwa au kuzimwa. Anayeisoma tasnifu iliyotumia programu hizo ana haki ya kuambiwa chaguo lilikuwa lipi.

6.0 Kusi, Kaskazi na Tanga Mbili

Magharibi mwa Bahari ya Hindi ni mahali pazuri pa kuzipima kanuni hizi kwa sababu hali zote hukutana hapo ndani ya mwaka mmoja. Wakati wa kusi, upepo hukusanyika katika mkondo mwembamba wa hewa unaovuka ikweta karibu na Kenya, kwenye kimo cha takriban kilomita 1.5. Mkondo huo ulielezwa na John Findlater mwaka 1969. Chini yake, mkondo wa Somalia hukimbia kuelekea kaskazini kwa kasi inayoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, maji baridi hupanda kutoka chini karibu na pwani, na kizingia kikubwa chenye upana wa mamia ya kilomita hujitokeza. Wakati wa kaskazi, mkondo huohuo hugeuka na kuelekea kusini.

Katikati ya majira hayo kuna kipindi ambacho mabaharia wa Uswahilini hukiita tanga mbili, pepo zinapolegea na kubadilika. Jina hilo ni ushahidi kwamba maarifa ya wenyeji yamekipa kipindi hiki hadhi ya msimu kamili. Oseanografia nayo ina sababu ya kukipa hadhi hiyo. Klaus Wyrtki alionyesha mwaka 1973 kwamba ni katika vipindi hivi vya mpito, mara mbili kwa mwaka, ambapo mkondo wenye nguvu huelekea mashariki kando ya ikweta na kuhamisha maji ya joto. Na mvua za Afrika Mashariki, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, huangukia karibu na vipindi hivyohivyo.

Hapa ndipo ukadiriaji wa msukosuko unapogusa maisha ya watu. Upepo ukiwa hafifu, jua la mchana hupasha joto mita chache tu za juu za bahari, na tabaka hilo jembamba huvunjwa usiku maji yanapopoa. Modeli ambayo tabaka lake la kwanza lina unene wa mita 10 hulieneza joto hilo katika mita zote 10, na uso wa bahari ndani ya modeli hubaki baridi kuliko unavyopaswa kuwa mchana. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini uso wa bahari ndio unaoipa angahewa joto na unyevu. Kwa maneno mengine, bahari ya tanga mbili ndiyo inayoihitaji zaidi kanuni ya msukosuko, ilhali ndiyo iliyo mbali zaidi na mazingira ambamo kanuni hiyo ilizaliwa.

Matokeo ya modeli yanaonyesha kwamba jambo hili si la kinadharia tu. Yang na wenzake (2014) walibaini kwamba modeli zinazounganisha bahari na angahewa huwa zinapunguza masika na kuzidisha vuli, kinyume cha vipimo vya maeneo mengi ya ukanda huu, ambako masika ndiyo mvua kuu. Modeli za angahewa zilizopewa joto halisi la uso wa bahari hufanya vizuri zaidi. Ulinganisho huo unaielekeza lawama baharini, ingawa haumwambii msomaji ni kipengele gani cha bahari: uchanganyikaji, mikondo, au upepo unaoiendesha. Rowell na wenzake (2015) nao walijadili kitendawili cha mvua hizo: masika yalikuwa yakipungua katika vipimo ilhali makadirio ya modeli yalionyesha ongezeko katika karne hii. Mtunga sera anayepaswa kuamua kati ya mabwawa ya kuzuia mafuriko na mbegu zinazostahimili ukame hawezi kusaidiwa na wastani wa modeli ambazo hazikubaliani na msimu wenyewe.

7.0 Hoja Pinzani

Inaweza kudaiwa kwamba tatizo hili litaondolewa na kompyuta zenye nguvu zaidi. Dai hilo lina ukweli wa sehemu. Gridi za kilomita 10 au chini yake huonyesha vizingia vikubwa ambavyo zamani vilikadiriwa. Lakini uchanganyikaji wa wima ndani ya mita za juu bado uko mbali na uwezo wa gridi yoyote ya bahari nzima. Mpaka wa ukadiriaji unasogezwa, na haufutwi.

Inaweza pia kudaiwa kwamba mashine zinazojifunza kutokana na data zitachukua nafasi ya fomula zilizobuniwa na watu. Hata hapo swali linabaki lilelile kwa sura nyingine: data za mafunzo zilitoka bahari gani, na katika msimu upi? Kanuni iliyojifunza kutokana na upepo wa kudumu wa Pasifiki itaingia katika tanga mbili ikiwa mgeni kama ilivyoingia nambari ya 0.3, isipokuwa sasa ugeni wake utakuwa mgumu zaidi kusomeka.

Dai la tatu ndilo zito zaidi: kwamba modeli ikitoa jibu sahihi, njia iliyopita si hoja. Udhaifu wa dai hili ni kwamba makosa mawili yanaweza kufutana. Uchanganyikaji uliozidishwa unaweza kuficha upepo uliopunguzwa, na joto la uso wa bahari likaonekana sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Mizani ya namna hiyo haina dhamana tabianchi inapobadilika, kwa kuwa makosa hayo mawili hayalazimiki kubadilika kwa kiwango kimoja.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kwamba kutoka kwa Richardson hadi leo, msukosuko umebaki kuwa mahali ambapo modeli huacha kukokotoa na kuanza kuamua. Tofauti baina ya matini bora na dhaifu iko katika namna uamuzi huo unavyowekwa mbele ya msomaji. Kitabu cha mwaka 1922 kilikosea kwa hektopaskali 145 na bado kikajenga taaluma, kwa kuwa kila hatua yake iliweza kurudiwa. Tasnifu inayotoa ramani zenye kupendeza bila kutaja kanuni ya uchanganyikaji iliyotumika haina ubora huo, hata kama ramani zake zinafanana na vipimo.

Kwa kazi zinazohusu magharibi mwa Bahari ya Hindi, uhakiki huu unapendekeza mambo manne ambayo watahini wanaweza kuyadai. Kwanza, kanuni ya msukosuko itajwe pamoja na thamani zake zote zilizobadilishwa au kuachwa zilivyokuwa. Pili, ielezwe thamani hizo zilipimwa wapi. Tatu, unene wa matabaka ya juu ya bahari ndani ya modeli uonyeshwe. Nne, matokeo ya vipindi vya tanga mbili yatolewe peke yake, bila kuzamishwa katika wastani wa mwaka au wa misimu miwili mikuu. Madai haya hayahitaji kompyuta mpya wala fedha za ziada. Yanahitaji kurasa chache katika sura ya mbinu za utafiti, na utayari wa mtafiti kuonyesha mahali alipokadiria.